Wanaoitikia Chini ya Mkeka

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, saa kumi jioni, Mektilda alimaliza kukata viazi vya michembe, akavitandaza juu ya turubai uani vikauke, akawafukuza kuku mara mbili, akanawa mikono na kuingia ndani kusali rozari. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule, sakafu ya udongo aliyoisiriba mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya mwisho katika kitongoji cha Mwabuluba, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Segese. Baada ya hapo yalianza maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ukisimama mlangoni kwake uliona winchi, ukasikia karasha likisaga mawe, na vumbi ulilila ukitaka usitake.

Alikaa kwenye mkeka mbele ya meza ndogo yenye msalaba, mshumaa na chupa ya maji ya baraka. Rozari ni sala ya kupokezana. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Lakini tangu mwezi wa kwanza Mektilda alikuwa anaanza mwenyewe na kuitikia mwenyewe, kama mtu anayecheza bao peke yake pande zote mbili, na kila alipofika kumi la tatu pumzi ilimwishia.

Mwezi wa kwanza ndipo lilipotitia duara namba nne. Nestory, mwanawe wa pekee, aliondoka nyumbani siku ya Jumatano asubuhi, akiwa amebeba michembe na maharage kwenye kopo la rangi lililooshwa, na hakurudi. Watu walifukua siku mbili, wakatoa maiti wawili. Siku ya tatu Maige, mwenye duara, alifungua daftari lake mbele ya umati, akaonyesha majina mawili, akasema hao ndio waliokuwemo. Kuhusu Nestory alisema kijana alimuaga siku moja kabla. Amekwenda rashi Buseresere, dhahabu mpya imeonekana kule.

Maneno hayo yalikubalika bila taabu, maana wachimbaji ndivyo walivyo. Wakisikia kuna rashi wanaondoka hata mama zao hawajui, simu zinazimika, na baada ya miezi saba mtu anarudi na pikipiki, au anarudi hana hata viatu. Shimo likafukiwa, likashindiliwa, na juu yake Maige akasimika karasha jipya.

Hapo ndipo Mektilda alipobaki njia panda. Kama Nestory angetangazwa amekufa, wanawake wa jumuiya wangekuja na mikeka yao, wangechota maji, wangepika, wangelala naye mpaka matanga yaishe. Lakini Nestory alikuwa rashi. Vaileth, mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, alipita siku moja akasimama uani bila kukaa.

"Mama Nestory, moyo unaniuma," alisema. "Lakini tutakaaje matanga ya mtu aliye safarini? Tutakuwa tunamchuria mtoto."

"Na mimi nifanye nini?"

"Usubiri, dada yangu. Akirudi tutachinja."

Mektilda alisubiri. Alipika ugali wa watu wawili. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na nyumba, moyo wake ulikwenda mbio, na ikiondoka ulikuwa haurudi mahali pake kwa saa nzima. Kanisani alikuwa hakai tena benchi la mbele, kwa sababu watu walimuuliza kwa furaha kama kijana ameshatuma chochote. Yeye hakutaka kutumiwa chochote. Alitaka aambiwe mwanawe yuko wapi, na wakati anaambiwa awepo mtu aliyekaa karibu naye. Usiku na mchana aliomba hilo tu.

Basi Ijumaa hiyo aliwasha mshumaa, akatangaza tendo la kwanza la uchungu, Yesu anatoka jasho la damu. Tendo hilo alilipenda kuliko mengine siku hizo. Hata Yeye, alifikiri, aliwaomba wenzake wakae naye saa moja tu, wakasinzia. Alisali kumi la kwanza, kumi la pili. Kwenye kumi la tatu alianza Salamu Maria, akafika nusu, pale pa kupokelewa, na pumzi ikamwishia kama kawaida. Akanyamaza ili apumzike.

Sauti za wanaume zikaitikia kutoka chini ya mkeka.

Waliitikia vizuri, kwa mwendo wa watu waliozoea, isipokuwa mmoja aliyechelewa kwenye Amina. Mektilda alisubiri wamalize, akaanza Salamu Maria ya pili. Wakaitikia. Akaendelea hivyo mpaka kumi la tano. Alipomaliza alifanya ishara ya msalaba, akasema Tumsifu Yesu Kristo.

"Milele, amina," walijibu. Na sauti moja, iliyokuwa karibu na mguu wa meza, ikaongeza, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nestory. Mko wangapi?"

"Watano. Mimi, Marselino, Herman, Mwigulu na Mayala."

Kila mmoja akatoa shikamoo yake kwa zamu. Wa mwisho alisema, "Mwadila, mayu," kama Wasukuma wanavyomsalimia mama mchana, na huyo ndiye Mayala, aliyechelewa kwenye Amina.

"Mbona simu yako haipatikani?" Mektilda aliuliza.

"Chaji iliisha, mama."

Mektilda akasogeza mkeka pembeni kidogo asiwakalie, akaenda kuanua michembe, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika. Usiku ule alilala mpaka jogoo.

Kuanzia siku hiyo alisali nao kila jioni. Baada ya sala walizungumza. Nestory alimweleza kwamba wako kulia mwa njia ya pili ya chini kwa chini, mita ishirini na tano kutoka duara lilipokuwa, na kwamba njia hiyo ndiyo iliyokuja hadi chini ya sebule.

"Mnaogopa?" mama aliuliza.

"Siku za kwanza tuliogopa sana. Kila mtu alikuwa anasali kivyake, kimoyomoyo, hataki mwenzake ajue. Halafu tukakusikia wewe huku juu unasali na kukosa pumzi. Tukaoneana aibu. Marselino akasema, jamani, yule mama yuko peke yake, tumsaidie."

"Mimi nilidhani nyie ndio mko peke yenu."

"Sisi tuko watano, mama."

Hilo Mektilda alilitafakari wiki nzima akiwa anapepeta mchele.

Tangu Nestory akiwa mdogo, yeye na mama yake walipenda vitendawili, na sasa muda ulikuwepo. Mektilda alitega, "Kumi wamekaa kwenye uzi mmoja, baba yao amekaa pembeni peke yake." Herman akatoa jibu haraka, rozari, maana alikuwa nayo shingoni. Nestory akatega, "Anaingia mikono mitupu, anatoka mikono mitupu, na bado mlangoni anapekuliwa." Wote watano wakacheka kabla mama hajajibu kwamba ni mchimbaji. Mayala alikaa kimya siku nyingi, halafu jioni moja akasema na yeye anacho.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimelala na mwanamke nisiyemuoa. Hanipi chakula wala haniachi niondoke."

Mektilda alilijua jibu. Alilijua na hakutaka kulitamka ndani ya nyumba yake.

"Limenishinda," alisema.

"Basi nipe mji, mayu."

"Chukua Kahama."

"Wabeja," Mayala alishukuru, akakaa vizuri kama mtu aliyepewa kiti. "Nimekwenda Kahama. Nimeshuka stendi, nimekula wali na nyama na maziwa ya mgando. Nimepita mnadani nimenunua ndama wawili. Nimekununulia wewe kitenge cha bluu. Nimechoka, nimerudi."

"Karibu tena nyumbani," alisema Mektilda. Na wale wengine wakaanza kugombea miji, huyu anataka Ushirombo kwao, yule anataka Mwanza, mpaka karasha lilipozimwa na jua likazama.

Mambo haya hayakukaa siri, kwa sababu Mektilda hakuyafanya siri. Wiki ya tatu ya Kwaresima alikwenda kwa Vaileth akamkuta anashona sare za shule barazani.

"Nestory hayuko Buseresere," alisema. "Yuko chini ya sebule yangu, yeye na wenzake wanne. Wanaitikia rozari. Nimeona nikwambie wewe mwenyekiti, maana ni wanajumuiya wako."

Vaileth alikata uzi kwa meno. "Wanaitikia vizuri?"

"Wanne vizuri. Mmoja anajifunza."

Jioni Vaileth alikuja, akasali pamoja nao, akasikiliza. Aliwajulia hali. Marselino akamuuliza hali ya mume wake, yule anayelisha mawe kwenye karasha. Vaileth akasema hajambo, anafanya kazi. Halafu akatazama mikono yake, kwa sababu karasha hilo analofanyia kazi mume wake lilikuwa limekaa juu ya mdomo wa shimo lao, na kila aliyekuwepo alijua.

"Ukilisimamisha," Vaileth alimwambia Mektilda wakiwa mlangoni, "kitongoji kizima kitalala njaa."

"Sijasema ulisimamishe. Nimekuita usali."

Jumapili iliyofuata alikuja mwalimu Telesphori, katekista wa kigango, kwa baiskeli yake. Alikuwa mtu mzima mwenye kupenda mambo yaandikwe. Akapiga magoti sebuleni, akaweka sikio kwenye udongo, akauliza kila mmoja parokia aliyobatiziwa. Wanne wakajibu. Mayala akasema yeye hajabatizwa, babu yake alikuwa mtu wa mizimu na baba yake alikuwa mtu wa ng'ombe.

"Na unaitikia sala?"

"Naitikia, mwalimu. Huku hakuna kazi nyingine."

"Unataka ubatizo?"

"Nautaka. Wenzangu wakianza ile ya Baba Yetu wanakuwa kama watu wa nyumba moja, na mimi nakuwa kama mgeni aliyekaa mlangoni."

Telesphori alikaa kwenye stuli akafikiri. Anayebatizwa ni lazima awe mtu aliye hai. Hilo alilifundisha kila mwaka na hakuweza kulipita. Akainama tena.

"Niwaulize swali, vijana wangu, msikasirike. Nyie mko hai au mmekufa?"

Chini kule waliulizana kwanza.

"Hatujaambiwa, mwalimu," alisema Marselino.

Telesphori alikwenda kuuliza. Kwa mtendaji wa kijiji aliambiwa kwamba vifo vilivyoandikishwa duara namba nne ni viwili, na hivyo vingine havipo. Aliuliza kama basi wameandikwa wamepotea. Mtendaji akasema hapana, kwa taarifa ya mwenye duara wamekwenda rashi, na hata hivyo mtu anayejibu akiitwa hawezi kuandikwa amepotea. Katekista akarudi na hayo. Kwa kuwa hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba Mayala amekufa, alisema, kanisa haliwezi kumfanya maiti wakati serikali haijamfanya. Na kwa kuwa padri hawezi kumfikia, ni hali ya dharura, na katika dharura Mkristo yeyote anaweza kubatiza.

Mayala alitaka aitwe Lazaro. Wenzake wakamshauri asijipe matumaini makubwa, akachukua Yohane.

Kilichobaki kilikuwa maji. Maji na maneno sharti viende pamoja, na kutoka sebuleni hadi kwa Mayala kulikuwa na mita arobaini na mbili za udongo na mwamba. Jumamosi Kuu asubuhi Telesphori alimimina ndoo mbili karibu na mguu wa meza, akaanza kusema maneno ya ubatizo, na kwa kuwa hakujua maji yatafika saa ngapi, hakuweza kuacha. Alisema mpaka sauti ikakauka. Mektilda akampokea. Mektilda alipochoka akapokea Vaileth. Vaileth alipoona kazi ni kubwa alituma watu kwenye jumuiya, wakaja wanawake kumi na mmoja na wanaume wanne na mikeka yao, wakapanga zamu. Wasiokuwa zamu walichota maji na kupika. Asteria, muuza dagaa, alileta debe zima. Walilala pale siku tatu, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na katika siku hizo tatu sauti haikukatika sebuleni, Yohane Mayala, ninakubatiza, Yohane Mayala, ninakubatiza, mpaka watoto uani wakawa wanawabatiza kuku.

Jumanne baada ya Pasaka, saa nne asubuhi, zamu ikiwa ya Asteria, Mayala alisema, "Yamefika. Ya baridi."

Watu wakaimba. Asteria akalia kidogo, akaenda kugeuza dagaa. Mektilda alikaa kwenye kizingiti akitazama nyumba yake ilivyojaa, masufuria ya watu, khanga za watu kwenye kamba, Vaileth anakoroma kwenye kitanda cha Nestory. Moyo wake ulikuwa umetulia mahali pake, na pikipiki tatu zilikuwa zimepita bila yeye kuzisikia.

Wimbo ule ulifika kwenye maduara, na siku ya pili Maige alikuja mwenyewe. Alivua kofia mlangoni. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema taratibu, aliyechangia mabati ya kigango.

"Shikamoo, Mama Nestory."

"Marahaba, baba. Wamo humo. Zungumza nao."

Maige alichuchumaa. "Nestory," aliita.

"Naam, bosi. Sikukuaga."

"Basi nilikuchanganya na mwingine," alisema Maige. "Vijana ni wengi. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Tunaomba ututoe. Ukishuka njia ya pili, ukifukua mita ishirini na tano kulia, unatufikia. Wiki mbili zinatosha."

Maige aliuliza hewa ikoje, matimba ya kushikilia paa yamevunjika mangapi, maji yamesimama wapi. Wakamjibu kwa adabu, kama walivyozoea kumjibu. Kisha akauliza mwamba wa dhahabu umeelekea wapi.

Watano walishauriana. Mektilda aliwasikia wakinong'ona, na alimsikia Mwigulu, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akisema tumwambie, dhahabu ikiwa mbele yetu atalazimika kutupitia. Marselino akatoa jibu kwa niaba ya wote.

"Upo mwamba mzuri, bosi, unang'aa. Mita nane mbele yetu, unakwenda mashariki, chini ya shamba la pamba."

Maige alishukuru. Aliacha kilo tano za sukari mezani, akasema sala ni kitu kikubwa, jumuiya iendelee hivyohivyo, na akaenda zake. Wiki iliyofuata alifungua duara jipya, namba saba. Alilifungua upande wa pili wa shamba la pamba, akaufuata mwamba kutokea mashariki, na alipofika mita nane kutoka walipo wale watano akageuza njia, kwa sababu mwamba uliishia hapo.

"Ametusikia vizuri kweli," alisema Herman.

Mektilda alikwenda kumwona. Alikwenda mara nne. Maige alimpa kiti kila mara. Mara ya kwanza alisema mvua. Mara ya pili alisema mafuta ya jenereta. Mara ya tatu alisema karasha haliwezi kuhamishwa bila kibali. Mara ya nne alisema, kwa upole ule ule, "Mama yangu, nikiwatoa nitaambiwa ni wafu watano. Kwa sasa si wafu. Wewe unazungumza na mwanao kila siku. Wangapi hapa wanazungumza na watoto wao kila siku?"

Mektilda alirudi nyumbani na hasira. Jioni hiyo alishindwa kuanza sala. Alishika rozari, mdomo ukakataa. Waliokuwa chini walisubiri. Baadaye Mayala, mdogo wao katika ubatizo, akaanza yeye, kwa Kiswahili chake cha porini, akiruka maneno, na Mektilda ndiye aliyeitikia siku ile. Katika nia mwishoni Mayala alimwombea mayu apate usingizi, akaombea ng'ombe wa baba yake, na akamwombea Maige kwa jina. Mektilda hapo hakuitikia. Wenzake wanne waliitikia, na siku hiyo yeye aliona wanatosha.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilisali kwake kila Jumamosi. Telesphori aliwaandika watano wale kwenye orodha ya wanajumuiya, na wakati wa mavuno Vaileth aliwasamehe zaka kwa kuwa hawakulima. Mektilda alipungua kidogo mwili lakini usiku alilala. Bado alilia siku nyingine. Siku hizo alilia akiwa anasikilizwa.

Mwezi wa kumi na mbili mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya nne mchana ardhi ilitikisika mara moja, kama mtu aliyeshtuka usingizini, na winchi ya duara namba saba ikasimama. Kufikia jioni ilikuwa imeanza kuzunguka tena. Maige alipita kitongojini akiwaambia watu hakuna aliyeumia. Vijana watatu tu ndio hawaonekani, na hao waliaga jana, wamesikia rashi iko mbali huko kusini.

Jumamosi jumuiya ilikusanyika. Mektilda alianza, na walioitikia chini ya mkeka walikuwa wanane.

Wale wapya walikwenda vibaya, mmoja alikuwa analia katikati ya maneno. Wanajumuiya waliinua macho wakamtazama Vaileth, na Vaileth akamtazama mume wake, aliyekuwa amekuja siku hiyo akakaa karibu na mlango. Mektilda alipunguza mwendo kidogo ili wageni wafuatane, akamaliza kumi lile, akasimamisha sala.

"Tumsifu Yesu Kristo. Karibuni. Hapa tunasali pamoja, msiogope. Nestory, wasogeleeni hao vijana. Na wewe unayelia, unaitwa nani, baba?"

"Sostenes."

"Mama yako yuko wapi?"

"Buseresere. Anaitwa Juliana. Anapika maandazi pale stendi."

"Ameambiwa?"

"Sijui, mama. Atakuwa ameambiwa nimekwenda rashi."

Mektilda alimwomba Vaileth aendeleze sala. Jumatatu alifunga mlango, akampa Vaileth ufunguo ili jioni wasikose wa kuanza, akapanda gari mpaka Kahama. Alilala kwa dada wa Vaileth, asubuhi akapanda basi linalopita Ushirombo, na saa nane mchana alishuka Buseresere. Kibanda cha Juliana hakikuwa na shida kukipata. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, amekaa mbele ya karai la mafuta, anageuza maandazi kwa mti.

"Habari za hapa, Mama Sostenes."

"Nzuri, dada. Shikamoo." Alimtazama. "Nani kakutajia mwanangu?"

"Mwenyewe."

Juliana alitoa maandazi yaliyoiva, akatia mengine. "Wamenipigia simu. Wanasema yuko rashi kusini."

"Hayuko kusini. Yuko chini ya sebule yangu, yeye na wenzake saba. Na wangu yumo. Nimekuja kukaa na wewe kidogo."

Mafuta yalichemka. Juliana aligeuza andazi moja, la pili, la tatu, mpaka yakaisha kugeuzwa.

"Analala?" aliuliza.

"Siku ile ya kwanza alilia. Sasa wenzake wamemzunguka. Anasali, ila Nasadiki inamchanganya. Akifika katikati anasubiri wengine waseme."

"Tangu mdogo yuko hivyo," alisema Juliana. "Nilimchapa kwa ajili ya hiyo Nasadiki."

Mektilda alisogea kwenye benchi, akakaa karibu naye mpaka mabega yakagusana. Walikaa hivyo. Wateja walikuja, wakajihudumia, wakaweka hela kwenye sahani. Baadaye Juliana aliepua karai, akamwagia moto maji, akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata sikukuu ya Noeli. Aliuliza kama kwa Mektilda kuna nafasi ya kulala. Mektilda akamwambia ipo.

Basi la mwisho la Kahama lilikuwa linajaza abiria. Walipata viti vya nyuma. Viti vya mbele yao walikaa vijana wanne na sururu zao zimefungwa kwenye viroba, wanacheka, wanakula miwa. Walikuwa wanakwenda Mwabuluba kwa Maige. Wamesikia duara namba saba limekubali, dhahabu inatoka, na nafasi tatu zimepatikana.

Mektilda aliwaeleza yaliyoko huko, moja baada ya jingine. Walimsikiliza kwa heshima, mmoja akatoa hata kofia. Alipomaliza walisema ndiyo, bibi, kila duara lina mambo yake, wakamkatia na yeye muwa.

Alipokea. Kisha, gari lilipoanza kuondoka, aliwauliza majina yao, kila mmoja, na majina ya mama zao, na mahali mama zao wanapoishi. Vijana walimtajia bila kuuliza kwa nini. Juliana aliyarudia polepole, kwa sauti, mpaka akayashika.